SSD Ipi Inatosha? Mjadala Mezani kwa Fundi, Kakamega

Laptopu iliyofunguliwa mezani ni Lenovo ThinkPad T450, toleo la 2015, mtumba wa zile ambazo wauzaji huziita "ex-UK". Kibandiko cha ofisi ilikotoka hakijabanduka chote. Mwenyewe ni mwalimu wa shule ya upili upande wa Shinyalu. Kila alfajiri huiwasha, huenda jikoni kuchemsha chai, na hurudi na kikombe mkononi akaikuta ingali inazungusha vidoa vyeupe kwenye skrini. Amechoka. Ameipakia kwenye bodaboda hadi Kakamega mjini, kwa fundi aliye karibu na Barabara ya Mumias, akiwa na swali moja: anunue SSD ipi asije akajuta?

Swali lake ni la wengi, na majibu ni mengi kuliko wanaouliza. Ndiyo maana mjadala huu unazikalisha sauti nne kwenye meza moja, bila majina, kwa kuwa kila sauti inasema kwa niaba ya wengi. Yupo mwalimu mwenyewe. Yupo fundi. Yupo mwanafunzi wa kompyuta kutoka Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, MMUST. Na yupo mama mwenye saiba ya kompyuta sita. Hakuna anayepinga kwamba SSD ni nzuri. Wanabishania thamani: shilingi ipi inarudi, na ipi inapotea.

Mwalimu ndiye anayeanza, na anaanza kwa kupinga.

"Fundi, kwa bei ya hiyo SSD ndogo mimi napata diski ya kawaida iliyo kubwa mara mbili au zaidi. Nina picha za wanafunzi tangu 2012, nina mitihani, nina video za tamasha za muziki. Nafasi ndiyo mali. Kwa nini nilipe zaidi nipewe kidogo?"

Fundi hajibu kwa mdomo. Anavuta droo, anatoa diski iliyokufa zamani, iliyokwisha kufunguliwa kifuniko, anaiweka mbele ya mwalimu. Ndani mna sahani inayong'aa kama kioo cha kunyolea na mkono mwembamba wa chuma uliolala juu yake.

"Tazama hapa, mwalimu. Sahani hii huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Ukitaka faili, mkono huu lazima uhame hadi kwenye mstari wake, kisha ungoje sahani ilete kipande chako."

Kungoja huko kunahesabika. Mzunguko mmoja kwa mwendo huo huchukua milisekunde 11 hivi, kwa hiyo kwa wastani diski hungoja nusu yake, karibu milisekunde 5.6, mbali na muda wa mkono kuhama. Ukijumlisha, safari za diski kama hiyo hazifiki 100 kwa sekunde. Na Windows inapowaka haiombi faili moja kubwa. Inaomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. SSD haina sahani wala mkono. Huchota kutoka kwenye chipu kwa muda wa sehemu ya kumi ya milisekunde, au pungufu. Chai ya mwalimu imekuwa ikichemka katika pengo hilo.

Pengo lenyewe lilichukua miongo kuzibwa. Diski ya kwanza ya kuzunguka, ya IBM ya 1956, ilikuwa na sahani 50 na ilibeba takriban megabaiti 5. Chipu za aina ya NAND, ambazo ndizo moyo wa SSD, zilitoka kwenye kazi ya Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba katika miaka ya 1980. Mwaka 1991 kampuni ya SunDisk, ambayo baadaye iliitwa SanDisk, ilitoa SSD ya megabaiti 20 kwa dola 1,000 hivi. Kwa bei hiyo, picha moja ya simu ya leo yenye megabaiti 4 ingelala kwenye kitanda cha dola 200.

"Basi kama ni kasi, tusimame hapo hapo kwenye kasi," mwanafunzi anaingia. "Mwalimu, usinunue SSD ya SATA. SATA haipiti megabaiti 550 kwa sekunde. Kuna SSD za NVMe zinazofika 7,000. Ni mara kumi na mbili!"

"Hesabu yako ni sawa, kijana wangu," fundi anasema, "ila mlango ndio mwingine."

Anaigeuza ThinkPad na kuonyesha sehemu ya diski: nafasi ya inchi 2.5, yenye unene wa milimita 7, na kiunganishi cha SATA. Ile NVMe anayoisifu mwanafunzi ni kifito kinachokaribia umbo la chingamu, upana milimita 22 na urefu milimita 80, ndiyo maana huandikwa 2280. Haina pa kukaa hapo. Zaidi ya hayo, kifito cha umbo hilo, M.2, hakisemi kwa sura yake kwamba ni NVMe, kuna M.2 za SATA pia, na mashine nyingi hukubali aina moja na kukataa nyingine. Anayenunua kwa kuangalia umbo tu anaweza kurudi nyumbani na kitu kinachoingia vizuri kabisa na kisichofanya kazi.

Mwanafunzi anayo HP EliteBook 840 G5, ya 2018, ambayo hupokea NVMe. Lakini njia ya data ya mashine hiyo ni ya kizazi cha tatu cha PCIe, na dari yake ni megabaiti 3,500 hivi kwa sekunde. Akinunua ile ya 7,000, nusu ya kasi aliyoilipia haitatumika.

"Sitakaa na mashine hii milele," anajibu. "Nikihama, nitahama na SSD yangu."

Hoja hiyo ina uzito, na fundi anaikubali: kwa mtu atakayebadilisha mashine karibuni, kutangulia kizazi kimoja si hasara ikiwa tofauti ya bei ni ndogo. Hata hivyo ipo kweli ambayo maboksi hayaiandiki. Kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD ya SATA, mtu yeyote huhisi tofauti siku hiyo hiyo. Kutoka SATA kwenda NVMe, anayehariri video au kunakili mafaili makubwa ataihisi, lakini anayetunga mtihani na kufungua kurasa za intaneti ataitafuta asiione. Zile namba kubwa hupimwa kwa kusoma faili moja refu mfululizo, na kazi ya mwalimu haiko hivyo.

Mama wa saiba amekuwa kimya akihesabu kwenye simu.

"Nyinyi mnaongea kama watu wa maofisi," anasema. "Wateja wangu wanataka eCitizen, wanataka kuchapa barua, na Juni ikifika wanajaa wakikimbizana na iTax kabla ya tarehe 30. Hakuna anayeniachia faili. Mimi nipeni 120 sita, chapa yoyote, bei ya chini kabisa."

"Mama, tuanze na hiyo 120," fundi anasema. Kwenye skrini itasomeka 111 hivi. Windows 11 peke yake hudai nafasi isiyopungua gigabaiti 64, na masasisho yake hutaka pa kupumulia. SSD iliyojaa pomoni huzorota, kwa sababu kabla ya kuandika kipya inalazimika kuhamisha vya zamani ili ipate sehemu tupu. Ni busara kuiachia angalau sehemu moja ya kumi ikiwa wazi. Kisha kuna hesabu ya bei. Tuseme, kwa mfano tu, ya 120 inauzwa shilingi 2,400 na ya 240 shilingi 3,600. Ya kwanza ni shilingi 20 kwa gigabaiti, ya pili ni 15. Iliyo rahisi dukani ndiyo ghali kwa kipimo. Kugawanya bei kwa gigabaiti ni hesabu ya darasa la nne, lakini ndiyo ya kwanza kufanywa kabla mtu hajasoma neno lingine lolote kwenye boksi.

Hesabu ya pili ni ya umri. Kila chipu ya NAND huchakaa kwa kuandikwa, na watengenezaji huahidi kiasi fulani. Kingston A400 ya gigabaiti 240 ina ahadi ya kuandikwa terabaiti 80 na waranti ya miaka 3. Samsung 870 EVO ya gigabaiti 250 ina ahadi ya terabaiti 150 na waranti ya miaka 5. Ya pili yaonekana bora karibu mara mbili, na bei yake nayo husema hivyo. Lakini saiba itaandika kiasi gani? Hata kompyuta moja ikiandika gigabaiti 20 kila siku bila kupumzika Jumapili, terabaiti 80 zitamchukua mama siku 4,000, karibu miaka 11. Mashine zenyewe zitakuwa zimekwisha kustaafu.

Kwa hiyo mama yuko sahihi kuliko alivyodhaniwa. Kwa kazi yake, SSD ya daraja la chini ya mtengenezaji anayejulikana inatosha, na pesa atakazookoa zina kazi bora zaidi. Kakamega ni mji wa mvua za alasiri na radi, na stima ikizimika ghafla kompyuta ya mezani huanguka ikiwa katikati ya kuandika. UPS, betri ya kushikilia stima ikikatika, itazilinda SSD za saiba kuliko daraja lolote la chipu.

Pale mama anapokosea ni kwenye maneno mawili: "chapa yoyote".

Fundi anaeleza aina ya bidhaa ambayo mafundi wengi wamekutana nayo. Boksi linameta, limeandikwa terabaiti 2, na bei ni ya kushangaza. Ukikishika kifaa ni chepesi mno. Ukikifungua, ndani mna kadi ndogo ya kumbukumbu, kama ya simu, iliyochomekwa kwenye kibao cha USB, na programu yake imebadilishwa ili iidanganye kompyuta kuhusu ukubwa. Mteja hunakili mafaili yake, anayaona majina yote, anafurahi. Nafasi halisi ikiisha, kifaa huandika juu ya vilivyotangulia au hutupa vinavyokuja. Majina hubaki, picha hazifunguki.

Dawa ipo na ni ya bure. Programu ya H2testw, iliyotoka kwa jarida la kompyuta la Ujerumani liitwalo c't, hujaza kifaa chote kwa data kisha huisoma upya na kulinganisha. Huchukua muda, lakini haidanganywi na kibandiko. Anayeuza kwa haki hatakuwa na sababu ya kuikataa.

"Mimi sinunui gizani," mwanafunzi anasema. "Nasoma tathmini kwanza. Nachagua iliyosifiwa."

"Tathmini ya mwaka gani?" fundi anauliza.

Hapo ndipo methali ya mgema inapopata ushahidi wake: akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwaka 2014 ilibainika kwamba Kingston V300 iliyokuwa ikiuzwa madukani ilikuwa na chipu za polepole kuliko zile zilizopimwa ilipotoka. Mwaka 2021 yalitokea mambo ya aina hiyo kwa Crucial P2, iliyohamia chipu za daraja la chini kwa jina lile lile, na kwa WD Blue SN550. Western Digital ilikiri, ikaahidi kwamba mabadiliko ya namna hiyo siku zijazo yatapewa jina jipya. Si wizi wa vichochoroni. Ni kampuni kubwa, na sifa iliyopatikana kwa bidhaa moja ikauza nyingine.

Daraja la chipu lenyewe si fumbo. TLC huweka biti tatu katika kila chumba, QLC huweka nne. Kadiri vyumba vinavyobanwa, ndivyo bei inavyoshuka, na ndivyo uandishi wa muda mrefu unavyokuwa polepole na uchakavu unavyokuja mapema. Samsung yenyewe inaonyesha tofauti hiyo waziwazi: 870 EVO ya terabaiti 1, ambayo ni TLC, ina ahadi ya terabaiti 600 na miaka 5, ndugu yake 870 QVO ya ukubwa huo huo, ambayo ni QLC, ina ahadi ya 360 na miaka 3. QLC si mbaya kwa anayehifadhi filamu. Ubaya ni kuuziwa QLC kwa bei ya TLC.

Mwanafunzi ana njia nyingine. "Kwa nini tusinunue mtumba? Hizi ex-UK nyingi huja na Samsung halisi ndani. Mtu anaitoa, anaiuza rahisi."

"Nguo ya mtumba unaiona ilipochakaa," mama anamjibu. "SSD utaionea wapi?"

"Inaonekana, mama." Fundi anafungua CrystalDiskInfo kwenye kompyuta yake. Programu hiyo, ya bure pia, husoma kumbukumbu za diski yenyewe: saa ilizowaka, data iliyoandikwa, na kiwango cha afya. SSD ya mtumba kutoka kiwanda kinachojulikana, yenye afya zaidi ya asilimia 90, inaweza kuishi kuliko mpya isiyo na jina. Kinachokosekana ni waranti. Kwa hiyo mtumba unamfaa anayejua kupima na anayeweza kuvumilia hasara, na haumfai anayetegemea mashine moja kwa riziki yake.

Waranti ndiyo inayofanya suala la mahali pa kununulia liwe zito. SSD nyingi hutoka Nairobi, kwenye maduka ya Luthuli Avenue na mitaa jirani, hufika Kakamega kama kifurushi kwenye matatu. Ikiharibika, nani atairudisha, na kwa nauli ya nani? Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaokubalika, lakini haki hiyo hutembea kwa miguu ya risiti. Fundi anashauri risiti iandikwe namba ya mfululizo (serial number) ya SSD, si "SSD moja" tu, na mnunuzi aichunguze kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla hajaondoka dukani. Duka la Kakamega lililo ghali kwa shilingi mia mbili tatu lakini linalobadilisha kilichoharibika ndani ya wiki, huenda ndilo rahisi zaidi. Na majina hubadilika pia: Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaacha kuuza bidhaa za Crucial kwa wanunuzi wa kawaida, huku ikiahidi kuendelea kuheshimu waranti zilizokwisha kutolewa.

Mwalimu amesikiliza yote. Sasa anarudi na hoja yake, safari hii ikiwa imekomaa.

"Nimekubali kasi. Lakini diski yangu ya zamani ikiugua inalia. Nasikia kri, kri, najua nihamishe vitu. Hiyo SSD italia?"

Hapana, na mezani hakuna anayejaribu kumficha. SSD huweza kulala nzima na kuamka haionekani kabisa. Faili likifutwa, mfumo huiambia SSD kwamba sehemu ile haihitajiki tena, nayo huisafisha, hivyo fundi wa kuokoa data hukuta patupu mahali ambapo kwenye diski ya kuzunguka angepata kitu. Wala haifai kufungiwa kabatini kama albamu: kiwango cha JEDEC kwa SSD za watu wa kawaida, zilizokwisha kutimiza ahadi yao ya kuandikwa, ni kutunza data mwaka mmoja bila umeme katika nyuzi 30.

Kwa upande mwingine, mwalimu hupanda bodaboda kila siku na laptopu mgongoni. Sahani na mkono wa chuma havipendi mashimo ya barabara. SSD haina cha kugonga.

Hapa ndipo mjadala unapopata jibu ambalo halikuletwa na yeyote kati yao peke yake. Mwalimu alidai nafasi, fundi alidai kasi, na pesa haikutosha kununua vyote viwili katika kifaa kimoja. Lakini diski ya zamani ya mwalimu haijafa. Ni ya polepole tu, na upolepole hauidhuru akiba. Ikivishwa kasha la USB la bei ndogo, itatunza picha za tangu 2012, nayo SSD itabeba mfumo na kazi za muhula huu. Kwa mpango huo mwalimu hahitaji terabaiti nzima ya SSD. Gigabaiti 500 ya SATA, yenye chipu za TLC na waranti ya miaka 5, inamtosha.

Limebaki swali la mwanafunzi, na ni gumu: je, inafaa kuitia pesa mashine ya 2015? Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kichakataji cha T450 hakimo kwenye orodha ya Windows 11. SSD haitabadilisha hilo. Fundi anapendekeza Linux Mint, ambayo ni bure na hupata masasisho ya usalama. Mwalimu anasita, kwa sababu fomu zake zote zimetengenezwa kwa Microsoft Word. Wanakubaliana ajaribu kwanza kutoka kwenye flashi kabla ya kuamua. Jambo moja halina ubishi: SSD ya SATA itachomoka kwenye T450 na kuingia kwenye mashine nyingine yenye nafasi kama ile, au kwenye kasha la USB. Pesa hiyo haifi na laptopu.

Fundi ananakili diski nzima, anakaza skrubu, anawasha. Vidoa vyeupe vinazunguka kidogo na kutoweka. Mwalimu anainama, anasoma skrini, anakunja uso.

"Nimelipia 500. Hapa pameandikwa 465. Hizo 35 nani amekula?"

"Hakuna aliyekula, mwalimu," mwanafunzi anasema. "Kiwanda kinahesabu gigabaiti kwa bilioni moja kamili. Windows inahesabu kwa 1,073,741,824. Gawanya uone."

Mwalimu anatoa simu, anagawanya, anapata 465.66. Anaridhika. Anachukua diski ya zamani ndani ya kasha lake jipya, anabandika kipande cha karatasi, anaandika "AKIBA" na tarehe ya leo. Anapofungasha, fundi anamzuia mkono: laptopu iende kwenye begi la mgongoni, na akiba iende kwenye mfuko mwingine, ili begi likipotea visipotee vyote. Mama wa saiba anavuta kiti karibu na meza, anaanza kuulizia bei ya zile 240, sita.